Hata Huyu Atatakata

Kila Jumanne na Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri, Mwalimu Sekela alifunga mlango wa nyumba yake ya Boko, akatikisa kitasa mara mbili kuhakikisha, kisha akatembea taratibu mpaka mgahawa wa Arwa ulio mwisho wa mtaa. Aliketi meza ile ile ya pembeni chini ya feni, akaagiza chai ya maziwa na vitumbua viwili, akala kimoja na nusu. Alikuwa na miaka sitini na saba, mwalimu mstaafu, mjane, na goti lake la kushoto lilikuwa limeshaanza kumsema.

Mgahawa uliitwa Enzi Zile. Arwa, binti wa miaka ishirini na tisa aliyeacha kazi ya ofisini ili aufungue, alikuwa ameujaza vitu ambavyo watu wengine huwapa wanunuzi wa vyuma chakavu: redio za mbao, pasi za mkaa, mizani ya mawe, chemli, kalenda za miaka ambayo hata mama yake alikuwa hajazaliwa. Vijana walitoka mpaka Tegeta na Bunju kuja kupiga picha kando ya cherehani isiyo na sindano. Sekela hakuja kwa ajili ya chai, maana chai ya Arwa ilikuwa nyepesi. Alikuja kwa sababu vitu vingi mle ndani alivijua. Arwa alikuwa mjukuu wa Thuwaini, na duka la kina Thuwaini kule Temeke lilitazamana na nyumba aliyokulia Sekela. Mizani ile ndiyo aliyopimiwa sukari ya robo alipokuwa bado hajui kuhesabu. Akiitazama alisikia tena sauti ya mama yake ikimwita kutoka ng'ambo ya njia, na makatambuga ya baba yake yakiburuza mchanga jioni, akirudi kutoka bandarini.

Jumanne moja ya mwezi wa saba alikuta kitu kipya ukutani. Lilikuwa bati la tangazo, la zile rangi zilizochomwa zisizobanduka, urefu wake kama mita moja. Kwenye uwanja wa buluu alisimama mtu mweusi, mweusi wa lami, siyo wa ngozi. Macho yalimtoka kama mayai ya kuchemsha yaliyomenywa. Midomo ilikuwa minene, myekundu kama tikiti lililopasuliwa, nayo imeachana kutoka sikio hili hadi lile, meno yote nje. Alivaa kaptura na kofia nyekundu ya tarbushi, miguu yake imo ndani ya beseni, mkono wa kulia umeinua mche wa sabuni. Mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko hadi kwenye kucha, ulikuwa mweupe kama chokaa, povu likiuchuruzika. Juu yake iliandikwa SABUNI YA MBAYUWAYU. Chini, kwa herufi nene za njano: HATA HUYU ATATAKATA!

Sekela aliweka kikombe chini. Mchoraji alikuwa amedanganya kila kitu isipokuwa kidole kimoja. Kidole kidogo cha mkono ulioshika sabuni kilikuwa kimepinda kuelekea nje, kama kinachotaka kuondoka peke yake. Kilipindishwa na kamba ya winchi kabla Sekela hajazaliwa. Kilikuwa kidole cha baba yake, Lusungu, aliyefariki mwaka themanini na tisa.

Saa kumi kamili, jikoni walipokuwa wanaipua chai ya pili, mtu wa kwenye bati aliuweka mche wa sabuni ndani ya beseni, akatoa mguu mmoja, akatoa wa pili, akashuka ukutani kwa kushikilia rafu ya redio. Vijana wawili wa meza ya jirani walisogeza viti vyao ili apite. Arwa alikuja na dekio kwa sababu miguu ilikuwa inadondosha maji. Akafuta sakafu, akamkaribisha, akamuuliza kama anatumia sukari.

Mtu akaitikia kwa kichwa. Kimo chake kilikuwa kile kile cha kwenye bati, kwa hiyo walimwongezea mto kwenye kiti. Mbele alikuwa mtu kamili. Nyuma hakuwa na kitu, ni bati tupu lenye kutu na matundu manne ya misumari, na akigeuka ubavu alikuwa mwembamba kama sahani. Aliketi mkabala na Sekela, akanywa chai, na chai ikamtiririka kidevuni, maana midomo yake haikuweza kufumba. Ilichorwa wazi na wazi ikabaki. Sekela alitoa leso kwenye mkoba akampangusa. Kisha akamwomba Arwa mrija.

“Ni wewe, baba?”

“Ndiyo, Sekela,” alisema yule mtu. “Walinichora hivi.”

Aliongea polepole, akichagua maneno kama mtu anayeruka madimbwi. Sekela alikuwa amefundisha kusoma na kuandika darasa la kwanza kwa miaka thelathini na minne, kwa hiyo hakuchukua muda kuelewa. Ma, ba na pa hazitamkiki bila midomo kukutana, na ya huyu haikutani. Hawezi kusema mama wala baba, hawezi kusema maji, hawezi kumpa mtu pole. Hata jina la sabuni aliyoitangaza kwa miaka sitini na sita hawezi kulitamka. Jina la Sekela aliliweza. Na maneno ya chini ya bati aliyaweza yote, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Habari za bati lile Sekela aliambiwa na mama yake, maana baba hakuwahi kuzisimulia. Mwaka hamsini na tisa, Sekela ndiyo kwanza anatambaa, mtu mmoja wa kampuni ya sabuni alikuja kwenye lango la bandari saa ya chakula, akawapanga makuli mstari mmoja, akamchagua Lusungu. Alimsimamisha kivulini nusu saa, mche mkononi, akamchora kwa penseli. Picha ilitoka nzuri. Lusungu alioneshwa, akajitambua, akafurahi. Alirudi nyumbani na miche miwili ya sabuni aliyopewa kama ahsante, akamwambia mkewe, Somoe, “Nimechorwa. Nimetoka kama nilivyo.” Sabuni hiyo ilifua nepi za Sekela mwezi mzima. Baada ya miezi mitatu mabati yakaja, yakapigiliwa kwenye maduka kuanzia Temeke hadi Magomeni, na moja likapigiliwa duka la baba yake Thuwaini, ng'ambo ya njia. Kila alfajiri Lusungu akifungua mlango kwenda kazini, alikutana nalo uso kwa uso.

Jina lake likapotea. Bandarini aliitwa Hatahuyu, sokoni aliitwa Hatahuyu, hata kinyozi wake, mtu wa kwao Tukuyu, alimwita Hatahuyu. Watoto walimfuata njiani. Mmoja akianza, “Hata huyu!” wengine walipokea, “Atatakata!” Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kicheko, Somoe alisema, ndiyo maana binti yake wa kwanza alimpa jina ambalo kwa Kinyakyusa ni furahi. Baada ya hapo hakuna aliyemwona jino. Akichekeshwa, alifunika mdomo kwa kiganja na kugeukia ukuta mpaka kicheko kimpite.

Sekela naye alikuwa na kumbukumbu yake, ambayo hakuwahi kumpa mtu. Siku moja, akiwa na miaka mitano, alikuwa anacheza na wenzake mbele ya duka. Kuli mmoja mrefu akatokea kwenye kona, jua likiwa mgongoni mwake, na watoto wakaanza. Sekela alipokea kwa sauti kubwa kuliko wote. Kuli alipokaribia akaona ni baba.

Saa kumi na moja na nusu mtu wa kwenye bati alisema, “Nirudi,” akapanda ukutani, akaingia kwenye beseni, akainua sabuni. Sekela alikwenda kaunta.

“Arwa, mwanangu, lile bati lishushe.”

“Kwa nini tena, Bibi? Kwa sababu lina kutu?”

“Yule ni baba yangu.”

Arwa aligeuka akalitazama bati, akamtazama na Sekela. “Mashallah,” alisema. “Mie nililikuta dukani kwa babu, nyuma ya rafu ya unga, limegeuziwa ukutani. Wateja wamelipenda sana, Bibi. Toka jana ni kulipiga picha tu. Hii si ndiyo historia yetu? Sie hatujui hata mlikuwaga mnaishije. Na mzee mwenyewe haoneshi kuchukia. Si unamwona anacheka?”

“Hana namna nyingine.”

“Basi ngoja nifikirie,” alisema Arwa, ambaye alikuwa amelelewa vizuri na hakupenda kumkatalia mtu mzima usoni. Hakufikiria. Meza kumi na moja zilikuwa zinamsubiri.

Ijumaa alikuja Thuwaini mwenyewe, ametoka kuswali, kanzu imepigwa pasi, bakora mkononi. Alikuwa na miaka sabini na nne. Aliketi karibu na Sekela, wakaulizana hali za miguu, wakangoja. Saa kumi Lusungu alishuka, akakalia mto wake, Arwa akamletea chai yenye mrija.

“Mzee Lusungu,” alisema Thuwaini, “mie nilikuwa mtoto mtukutu. Ule wimbo mwanzilishi wake ni mie. Nilikuwa nakaa juu ya gunia la mchele, nikikuona tu umefungua mlango, naanza. Mwaka sitini na nne wakaja vijana kumwambia marehemu baba alitoe lile bati, kwamba mambo hayo yamekwisha. Baba akaligeuza. Kulitupa hakulitupa, alisema bati zuri lile, litazuia panya. Nikarithi duka. Nimeuza unga miaka hamsini, nawe uko nyuma yangu, umeangalia ukuta. Nilikuwa najua. Nakuomba radhi.”

Lusungu alimtazama. Hakukuwa na sura ya kusoma, maana usoni mlikuwa na kicheko tu. Sekela alihesabu kichwani, kama mtu anayesahihisha daftari. Nimekusamehe ina midomo mara mbili. Sikusamehi ina mara moja. Sitaki haina kabisa; angetaka kukataa, njia ilikuwa wazi.

“Kunywa chai, Thuwaini,” alisema Lusungu.

Thuwaini akanywa chai yake yote bila kukiweka kikombe chini, kisha akainama akawa anaangalia kofia aliyoipakata. Sekela aliona kwamba kama hatasema sasa hatasema tena.

“Baba. Siku ile pale dukani, nilipokuwa na wenzangu. Ulinisikia?”

“Nilisikia,” alisema Lusungu. “Ulikuwa na sauti nzuri.”

Sekela aliinuka akaenda kunawa uso. Aliporudi, Lusungu alikuwa amekaa vile vile, kiganja kikiwa juu ya mdomo.

“Yule,” alisema, akasita, akatafuta njia. “Yule wa kule kwetu. Yuko hai?”

“Mama yuko hai. Yuko Chamazi, kwa mdogo wangu Chausiku. Ana miaka themanini na sita. Macho yanaona, miguu ndiyo haitaki.”

“Nataka niende.”

Walikwenda Jumapili, kwa gari la Arwa. Bati lenyewe, ambalo Lusungu akitoka lilibaki buluu na maandishi tu, waliliweka kwenye buti, kwa sababu alisema asipokuwa nalo karibu anajisikia hana kwake. Yeye aliketi nyuma na Sekela. Mkanda haukumshika, alikuwa mwembamba mno, ikabidi Sekela amkumbatie kwa mkono mmoja. Njia nzima Lusungu alitazama nje. Walipofika sehemu za mjini alianza kunyoosha kidole.

“Hii?” aliuliza.

“Ile ilikuwa sinema. Wamevunja. Ni maegesho ya magari.”

“Na hii?”

“Ndipo mlipokuwa mnangojea lori la bandari. Pamejengwa ghorofa.”

“Na ile?”

“Ile ipo,” Sekela alisema, akafurahi kwamba kuna kimoja kipo. Ilikuwa nguzo ya umeme.

Temeke wenyewe walipita polepole. Nyumba yao ilikuwa imekuwa duka la vipuri vya bodaboda, lakini kizingiti cha simenti kilikuwa kile kile, na Arwa alisimamisha gari bila kuombwa. Lusungu alikitazama kizingiti muda mrefu. Mbele kidogo askari wa barabarani aliwasimamisha, akainama dirishani, akataka kujua huyo ni abiria au ni mzigo. Sekela akasema ni baba yake. Askari akamwamkia mzee, akawaruhusu.

Chamazi ilikuwa siku ya mechi, barabara ya uwanjani imejaa vijana waliojipaka rangi. Somoe alikuwa ameketi barazani kwenye mkeka, anachambua choroko kwenye ungo. Aliinua macho walipokuwa bado getini.

“Mama,” alisema Sekela, “nimekuja na baba.”

“Namwona. Nauliza kwa nini mmemchelewesha hivi.”

“Nilichelewa,” alisema Lusungu.

“Kaa.”

Alikaa mkekani. Chausiku alitoka na maji, akamwona, akarudi ndani kuleta mto. Somoe alimaliza kiganja cha choroko alichokuwa nacho, akatupa mawe mawili, ndipo akageuka.

“Miaka thelathini ndani ya nyumba yangu,” alisema, “hukunionesha jino hata moja. Leo umeniletea yote.”

Lusungu aliinua mkono, ule wa kushoto, akafunika mdomo. Somoe akauondoa. Aliugeuza huku na huku, akalowesha ncha ya kanga kwa mate, akausugua karibu na kiwiko, pale weupe ulipoanzia. “Hii haitoki,” alisema, kama anayezungumzia doa la mafuta. Hakuurudisha. Aliuacha palepale juu ya goti lake, na mkono wake juu yake.

Uwanjani walipiga kelele za bao. Barazani wakangoja zipite.

“Haya, niite,” alisema Somoe.

Lusungu alijaribu. Jina lilikatika katikati, likatoka kama mtu aliyejikwaa. Alijaribu tena, likakatika palepale. Somoe akaweka ungo pembeni. Alifuta vidole kwenye kanga, akaishika midomo ile myekundu, wa juu na wa chini, kwa kidole gumba na cha shahada, akaibana kama mtu anayeziba ukingo wa sambusa.

“Sasa.”

Akaachia.

“Somoe,” alisema Lusungu.

Chausiku alikumbuka kuwa kuna kitu jikoni. Arwa, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi na funguo za gari mkononi, alitazama chini.

Waliendelea hivyo mpaka jua likapungua. Lusungu akifika kwenye neno lenye kuhitaji midomo alisubiri, Somoe akabana, akaachia, neno likatoka. Alisema Mungu. Alisema mama. Alimpa mkewe pole ya miaka yote, pole moja moja, ya msiba wake mwenyewe, ya paa lililovuja, ya kulea peke yake. Aliuliza habari za watu, na wengi walikuwa wamekufa, na kila aliyetajwa Somoe alieleza alizikwa wapi na mvua ilinyesha au haikunyesha. Somoe vidole vilipochoka, alipokea Sekela, halafu Chausiku, halafu Arwa akaombwa naye, akasogea mkekani, akibana kwa uangalifu kwa sababu ya kucha zake ndefu.

Ilikuwa zamu ya Arwa wakati Lusungu alipogeuka kumtazama yeye.

“Sikupenda,” alisema.

Arwa alidhani amesikia vibaya. “Nini, babu?”

Lusungu alingoja vidole. “Picha ile ya kwanza niliipenda,” alisema. “Hii sikupenda. Hata siku moja.”

Ilichukua muda kuisema yote, kwa sababu vidole vya Arwa viliachia mapema na ilibidi neno moja lirudiwe.

Bati halikurudi Boko. Arwa mwenyewe alilipigilia misumari chumbani kwa Somoe, ukuta unaoelekea kitanda, na njia nzima ya kurudi hakuwasha redio. Kwa wiki tatu nyumba ya Chamazi ilikuwa na mazungumzo. Asubuhi Lusungu alishuka kwenye bati, akanywa uji kwa mrija, akakaa barazani na mkewe, na majirani waliopita waliwaona Somoe akimsaidia mumewe maneno kama anavyosaidiwa mtu mwenye mzigo kichwani. Somoe alianza kula wali tena. Sekela alihamisha Jumanne na Ijumaa zake kwenda huko, akisafiri mji mzima na goti lake, na kila aliporudi Boko alilala kama mtoto.

Kule Enzi Zile ukuta ulikuwa na matundu manne. Wateja waliuliza yule mzee mcheshi amekwenda wapi. Wengine walichungulia mlangoni, wakaona hayupo, wakaenda kwingine. Arwa alivumilia. Alitundika picha ya meli, akatundika kioo, na wiki ya nne akafungua simu yake, ambamo picha ya bati ilikuwemo kama ilivyokuwemo kwenye simu za wote waliowahi kunywa chai pale, akaipeleka Kariakoo kuchapishwa kwenye turubai. Alimpigia Sekela kabla ya kuitundika.

“Bibi, usinichukie. Mie nimejaribu. Ila nimeongeza jina lake pale chini. Mzee Lusungu, mpagazi wa bandari. Angalau watu wajue.”

Sekela alikwenda kuona. Turubai lilikuwa kubwa mara mbili ya bati. Jina lilikuwepo, chini ya herufi za njano, kwa maandishi madogo meusi.

“Halina kosa la tahajia,” alisema.

Siku hiyo, saa kumi alasiri, Lusungu aliinuka mkekani kule Chamazi. “Kazi,” alimwambia Somoe. Aliingia chumbani, akapanda kwenye bati, na bati likabaki buluu. Somoe hakuuliza. Alikuwa mke wa kuli tangu ana miaka kumi na minane, zamu alizizoea. Magharibi Lusungu akarudi, miguu imelowa, wakala.

Baadaye hoteli moja ya mjini ilitundika turubai lake karibu na lifti. Duka moja la nguo likamweka kwenye fulana, lingine kwenye vikombe. Hakuna aliyemuuliza Arwa, kama yeye naye alivyokuwa hajamuuliza mtu. Jina la chini halikunakiliwa, lilikuwa dogo mno, na kwenye fulana kidole kidogo kilikuwa kimenyooshwa, labda mchapaji alidhani ni dosari. Kila alipotundikwa au kuvaliwa, Lusungu alihitajika. Alianza kuondoka asubuhi. Halafu akawa anarudi mara mbili kwa wiki, halafu mara moja, povu limemkaukia mkononi, amechoka kiasi kwamba Somoe akimbana midomo aseme, hasemi, anasinzia. Kila siku Somoe alimpakulia na kufunika sahani kwa kawa. Kila asubuhi chakula kile aliwapa kuku.

Mwezi wa kumi na mbili Somoe alianza kukohoa. Jumatatu moja ya Januari Sekela alikwenda hospitali ya Temeke kumchukulia dawa ya kifua. Foleni kwenye dirisha la dawa ilifika mpaka nje, watu wameegemea ukuta, vyeti mkononi. Mbele yake alisimama kijana wa miaka kama ishirini na miwili, spika za masikioni zimemziba, akitikisa kichwa kwa singeli aliyokuwa akiisikia peke yake. Kijana aligeuka kutazama nyuma foleni imefika wapi. Kwenye fulana yake ya buluu, kuanzia kifuani hadi tumboni, alikuwepo Lusungu.

“Sekela,” alisema.

Ilikuwa siku ya kumi na tisa hajaonekana Chamazi.

“Shikamoo, baba,” alisema Sekela.

Lusungu alitaka kujibu. Marahaba ina midomo mwanzoni na ina midomo karibu na mwisho. Alijaribu, kikatoka kipande cha katikati tu. Sekela aliinua mkono, vidole viwili mbele, akaona kwamba ni kifua cha kijana wa watu asiyemjua, akaushusha.

Kijana alikuwa ameona midomo ya bibi ikitembea. Alichomoa spika moja haraka, akashika kichwa kwa aibu.

“Jamani, mama! Unaniamkia mie? Ni mie ndiyo natakiwa nikuamkie. Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu,” alisema Sekela.

Dirishani wakaita anayefuata. Foleni ikasogea, nao wakasogea, wote watatu.